Wanaoendelea Kuita

Bi Gwantwa alipofumbua macho, mjukuu wake alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya kitanda, kikombe cha uji mikononi, kama ilivyotaka desturi ya Ukumbi.

"Mwagonile, bibi," alisema binti huyo, akitabasamu huku machozi yakimshuka.

Hiyo ndiyo salamu ya asubuhi ya watu wa milima ile. Humuuliza mtu kama amelala salama. Waasisi wa Ukumbi wa Usingizi waliamua kwamba iwe sauti ya kwanza kumfikia kila anayeamka, tena itoke kinywani mwa ndugu yake, isitoke kwenye mtambo.

Bi Gwantwa alimtazama.

"Sikulala," alisema.

Ndugu waliojipanga ukutani wakaangua kicheko. "Haya, ameanza!" alisema mpwa wake, mwanamume mnene aliyevaa suti kwa heshima ya siku hiyo. "Si niliwaambia? Mwalimu wa kwaya hawezi kuamka bila kumsahihisha mtu."

"Kunywa uji, bibi. Umetiwa maziwa. Ya kweli kabisa."

"Nani yule aburutaye mguu?" aliuliza Bi Gwantwa.

Kicheko kikapungua.

"Yupo mtu hupita hapa akiburuta mguu wa kushoto. Hupiga mluzi, wimbo mmoja tu, na kila siku hukosea pale pale, sauti inapotakiwa kupanda. Nilitaka kumwambia. Nilitaka mno kumwambia."

Sekela Mwasomola, mhandisi wa zamu, alikuwa amesimama karibu na mlango akivua kihisi kidogo cha kunasa wito wa mlalaji, kilichokuwa kimebandikwa kwenye kipaji cha uso cha mama huyo. Mikono yake ikasita. Mtu aliyeburuta mguu alikuwa Ipyana, mwenzake wa karakana, ambaye pikipiki ilimvunja nyonga mwaka uliopita. Bi Gwantwa alikuwa amelazwa tangu Sekela angali msichana wa sekondari. Na walalaji hawasikii. Hilo lilikuwa jambo la kwanza ambalo kila mwanafunzi wa fani ile alifundishwa: aliyezama katika usingizi wa baridi hasikii, haoti, hateseki.

Aliyezama.

Aliwasubiri ndugu watoke kwenda kuandaa machela, kisha akachuchumaa pale alipokuwa amepiga magoti mjukuu.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye ninayetunza mitambo. Ulianza kusikia lini?"

"Nilipoibuka. Usingizi ulinitoka, mwili ukabaki. Nilitaka kuamka, nikaita kwa mawazo, kama tulivyoelekezwa. Mlango wenu umeandikwa nini vile?"

"Ukiita, Tutakuja."

"Basi niliita." Sauti ya Bi Gwantwa haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Sekela. "Sikuweza kufungua jicho wala kusogeza kidole. Giza na baridi. Niliimba moyoni nyimbo zote ninazozijua, sauti zote nne, kila moja peke yake. Nilizirudia mpaka nikazichukia. Nikawa nasubiri huyo kijana wa mluzi. Akipita, najiambia, leo watakuja. Siku moja nikasema basi. Hawaji. Hawakuwa na nia ya kuja. Nikajiachia, nikazama. Sijui nilizama kwa muda gani. Nilipoibuka tena nikaita kwa mazoea tu, kama mtu anayejikuna, na papo hapo mkaja mbio na uji wenu."

Alikitazama kikombe, akakisukuma kando.

"Kwa nini mlinisikia nilipokuwa nimeacha kuwaamini?"

*

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja lililotazama mashamba ya pareto yaliyokuwa yamekauka. Zamani, kabla mvua hazijaikimbia nyanda ile ya juu, dirisha hilo lilikuwa jeupe kwa maua. Wakati huo watu wazima wa kila nyumba walikubaliana kwamba wengine walale ili walio macho washibe. Mama yake Sekela, Bi Lugano, alikuwa miongoni mwa waliojitolea mapema. Alijilaza mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. "Nitaita nikichoka," alisema. "Na wewe uwe umesoma, unisikie."

Sekela alisoma. Hakuna ahadi aliyoiamini kuliko ile iliyoandikwa mlangoni.

"Mhandisi," alisema Ipyana kutoka upande wa pili wa meza, "ukiendelea kuutazama mtambo huo namna hiyo utakuletea posa."

"Nipe vihisi viwili."

"Viwili vya nini? Wewe una kipaji kimoja, tena kidogo."

"Ipyana, nipe."

Alisikia jinsi sauti yake ilivyotoka, Ipyana naye akaisikia, akavileta haraka. Sekela aliviunganisha vyote viwili na mtambo wa majaribio, wa aina ile ile iliyokuwa ikiendesha Ukumbi. Mtambo huo uliitwa Wimbi. Uliletwa baada ya mitambo ya kwanza, iliyoitwa Nguzo, kukosa vipuri duniani kote. Sekela ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuihamisha programu ya mapokezi kutoka Nguzo kwenda Wimbi, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia cheo akiwa bado anamalizia shahada yake.

Aliweka kidole gumba cha kulia juu ya kihisi kimoja. Kengele ikalia, jina likatokea kiooni, kitanda cha majaribio kikafunguka. Hivyo ndivyo alivyoijaribu programu hiyo siku zote. Mtu mmoja anaita, mtu mmoja anapokewa.

Akaondoa kidole. Safari hii akavibonyeza vihisi vyote viwili kwa pamoja.

Kengele ikalia mara moja. Jina moja likatokea. Kitanda kimoja kikafunguka.

Alisubiri, vidole vyote viwili vikiwa vimekandamiza. Ipyana naye alisubiri, akiwa ameacha kutafuna karanga zake. Kidole gumba cha kushoto kilianza kufa ganzi, ukucha ukawa mweupe, na bado Sekela alikandamiza. Mtambo ulikuwa umenyamaza, taa yake ya kijani ikiwaka kwa utulivu kana kwamba dunia nzima ilikuwa salama.

"Umeharibika," alisema Ipyana.

"Haujaharibika." Akainua kidole cha kushoto, akakibonyeza upya. Kengele ikalia. Jina la pili likatokea.

Akaketi.

Mitambo ya Nguzo ilikuwa na tabia ya mgeni mvumilivu. Mgeni huyo akipiga hodi asijibiwe, hubaki mlangoni, akapiga tena na tena, maadamu bado anataka kuingia. Wimbi ulikuwa na tabia nyingine. Ulipiga hodi mara moja tu, pale pale mtu alipofika, kisha ukanyamaza, ukichukulia kwamba mwenye nyumba amesikia na anajua la kufanya. Tabia zote mbili zilikuwa halali. Zote zilielezwa wazi katika vitabu vya mitambo hiyo, na Sekela alikuwa amevisoma.

Lakini programu ya mapokezi iliandikwa na watu waliomjua mgeni wa kwanza tu. Tena waliiandika kwa upendo. Waliona ni aibu binadamu aamshwe katikati ya kundi, kama gunia linaloshushwa pamoja na mengine, ndugu wakigombania nafasi. Kwa hiyo waliweka kanuni: hata wakiita wengi kwa wakati mmoja, programu imchukue wa kwanza, iwaache wengine, irudi kusubiri. Hao wengine wangeita tena mwenzao akishakunywa uji wake. Kwa Nguzo, waliita kweli. Hakuna aliyepotea.

Sekela alipofika kwenye mstari ule wa programu alikuwa ametabasamu. Aliuhamisha bila kuugusa, kama mtu abebavyo picha ya marehemu kutoka nyumba ya zamani kwenda nyumba mpya. Na hakuwahi kujaribu kuwaita wawili kwa pamoja, kwa sababu katika Ukumbi ule hakuna aliyewahi kupokea wawili kwa pamoja. Lingekuwa jambo la utovu wa adabu.

"Kwa hiyo yule wa pili," alisema Ipyana polepole, "bado amebonyeza."

"Bado amebonyeza."

"Na mtambo unaona ulishatuambia."

"Ulishatuambia. Hautasema tena mpaka aache kuita, halafu aanze upya." Sekela aliutazama ukucha wake, ambao damu ilikuwa ikiurudia. "Anayekata tamaa akazama, akiibuka tena tunamsikia. Anayeendelea kuita hatumsikii kamwe."

Kuirekebisha programu kulikuwa kazi ya mstari mmoja. Aliuandika pale pale, Ipyana akiwa amesimama nyuma yake bila utani wowote: usimchukue wa kwanza peke yake, wachukue wote waliopo, mpaka foleni iishe. Wakaujaribu kwa vihisi viwili, kisha kwa vyote vilivyokuwa kabatini. Kengele zililia kama za harusi.

Mstari huo ungewasaidia wote watakaoita kuanzia siku ile. Kwa waliokwisha kuita, haukuwa na maana yoyote.

*

Daktari Ambakisye, mkuu wa Ukumbi, aliwasikiliza akiwa amesimama. Hakuwa mtu wa makelele. Mke wake alikuwa amelala safu ya chini, karibu na lango, na kila mtu alijua kwamba hupita pale asubuhi na kugusa kioo kwa kiganja kabla hajafungua ofisi. Alimwita na Bi Gwantwa, aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu, amejifunika kanga mbili na blanketi.

"Ni wangapi?" aliuliza Daktari.

"Hatuwezi kujua," alisema Sekela. "Mtambo hauhifadhi majina uliyoyaacha."

"Basi viulizwe vihisi. Kimoja kimoja. Nani yuko juu, nani yuko chini."

"Haviulizwi, Daktari. Husema hali inapobadilika tu. Ndiyo maana havili umeme, na ndiyo maana tulivinunua."

"Rudisheni Nguzo mmoja."

"Tuliiyeyusha yote," alisema Ipyana. "Ndiyo hizo pampu za kisima."

Daktari alikaa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena. "Kufungua vitanda ovyo sitaki hata kusikia. Aliyezama kweli ukimfungulia ghafla, moyo haustahimili. Tutaua kumi tumpate mmoja."

"Najua."

"Mvua zikirudi tutaupasha Ukumbi joto, polepole, msimu mzima. Wote wataamka pamoja, walio juu na walio chini. Hakuna atakayekufa. Hilo nalo unalijua."

"Mvua zitarudi lini, Daktari?"

Nje ya dirisha anga lilikuwa la buluu, safi, lisilo na wingu hata la dawa.

"Na kuupasha sasa?" aliuliza Ipyana.

"Utawalisha nini? Unga wa wiki mbili? Walalaji wa wilaya nzima waamke siku moja, waikute ghala tupu?"

Bi Gwantwa alikuwa akiutazama mguu wa kushoto wa Ipyana. "Kumbe ndiye wewe," alisema. "Nusu sauti ya juu zaidi, baba. Pale mwisho wa mstari. Unashuka mahali pa kupanda."

"Nisamehe, bibi."

"Mluzi wako ulinichelewesha. Kila nilipotaka kujiachia, nakusikia, natumaini upya." Hakuwa akimlaumu, alikuwa akieleza kama mtu anavyoeleza njia. "Ningezama mapema sana kama usingepita."

Ipyana aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akipiga mluzi ndani ya Ukumbi wala nje yake.

Sekela alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Lakini wanasikia," alisema. "Walio juu wanatusikia! Basi twende tukawaambie. Tusimame kwenye kila kitanda tuseme: tumewakosea, mtambo umekwisha kutengenezwa, acheni kuita kidogo, zameni, kisha ibukeni mwite tena. Tuwaambie ukweli tu."

Bi Gwantwa alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kifupi, na baada yake alikohoa.

"Mwanangu, unadhani kuzama ni kuvua kanga?"

"Bibi, wewe ulizama."

"Mimi sikuzama kwa kupenda. Nilizama kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kukishika. Ungekuja ukaniambia, 'Bi Gwantwa, tupo, tunakuja,' ningezamaje? Ningekishika kioo kwa meno. Mtu aliyesikia jina lake likiitwa hazami, hata umsihi namna gani."

Daktari Ambakisye aliongea akiitazama mikono yake.

"Kwa hiyo wanapaswa kusikia kinyume chake."

"Hapana," alisema Sekela.

"Sijaamuru. Nasema tu linakoelekea."

"Hatuwezi kuwaendea watu waliofungwa gizani, waliotuamini, tukawaambia hakuna atakayekuja. Ni unyama. Tena ni uongo."

"Ni uongo," alikubali Daktari. "Na baadhi ya watakaozama hawataibuka. Bibi ana moyo wa chuma. Wapo waliokwisha kuchoka. Vifo vyao vitakuwa juu yetu." Akageuka. "Bi Gwantwa, ungependa lipi? Uachwe ukisubiri mvua, au tungekuja tukakuvunja moyo?"

Mama yule alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu anachokifahamu.

"Ningependa mvunje mlango," alisema mwisho. "Lakini mlango wenu hauvunjiki. Basi mnivunje mimi. Kule ndani si kungoja, Daktari. Kungoja ni kwa mtu mwenye jua na kivuli."

Kisha Daktari akamuuliza Sekela kwa upole uliomuumiza kuliko ukali: "Mama yako ni mtu wa namna gani?"

Sekela alimkumbuka Bi Lugano mlangoni pa ofisi ya shule, mwaka ule waliposema nafasi zimejaa. Alisimama pale asubuhi hadi jioni, akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Walimletea kiti akakikataa. Kumpa mtu kiti, alisema, ni namna ya kumwambia akae na shida yake. Mwisho walimwandikisha Sekela ili mlango upitike.

"Hakati tamaa," alisema Sekela, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliyasema maneno hayo kama mtu anayetaja ugonjwa.

*

Hakuna aliyeamriwa. Daktari alisema kila familia iamue kwa ajili ya mtu wake, na familia nyingi zilikuja, zikasimama mbele ya kioo, zikashindwa. Mpwa wa Bi Gwantwa, yule wa suti, alikuwa na kaka safu ya juu. Alifungua mdomo akasema, "Kaka, sisi tunaendelea vizuri," akatoka nje akiwa amejiziba uso. Wakamwomba Sekela. Wewe ni mhandisi, walisema, ifanye iwe kazi. Naye alikubali, kwa sababu aliona kwamba kama kuna mtu aliyepaswa kuibeba sauti hiyo, ni yeye.

Ukumbi ulichongwa ndani ya mlima, safu juu ya safu, na baridi yake ilikuwa ya kuuma meno. Alianzia mbali kabisa na kitanda cha mama yake. Aliinama kila kioo mpaka pumzi yake ikafanya ukungu, akataja jina, kisha akasema maneno ambayo Bi Gwantwa alimsaidia kuyapunguza mpaka yakabaki mfupa.

"Umeita. Tumesikia. Hatuji. Hakuna atakayekuja."

Mwanzoni alilia kila baada ya kitanda. Bi Gwantwa, aliyekuwa akisukumwa nyuma yake, alimkataza. "Wakikusikia unalia watajua wanapendwa. Utakuwa umewafunga upya."

Ipyana alikaa kwenye mtambo, mbele ya kengele.

Kengele ya kwanza ililia asubuhi iliyofuata. Ilikuwa ya mchonga vinyago mmoja wa safu ya kati, na watoto wake walikuja mbio bila viatu. Kisha zililia mbili kwa mpigo mmoja, na programu mpya ikawachukua wote wawili, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Ukumbi ndugu wa watu wawili walijazana chumba kimoja, uji ukapungua, na hakuna aliyeona aibu. Ipyana alikuja kumtafuta Sekela huko safuni, akiburuta mguu kwa haraka, uso unang'aa.

"Wanaibuka, Mhandisi! Njoo uwaone."

Alikwenda. Mchonga vinyago alikuwa ameketi, mabega yamefunikwa, binti yake akimnywesha. Sekela alipiga magoti, akasema, "Mwagonile, baba."

Mzee yule aliacha kunywa. Alimgeukia polepole, na macho yake yalikuwa ya mtu anayemtambua aliyemtesa.

"Sauti hii naijua," alisema. "Mtoeni."

Binti yake hakuelewa. Ilibidi mzee aseme tena. "Mtoeni huyu, tafadhali. Mtoeni nile."

Tangu hapo Sekela hakuingia chumba cha mapokezi. Alizisikia kengele kutoka mbali, na kwa kila kengele alijua kuwa kuna mtu mmoja zaidi atakayevuka barabara akimwona. Hilo angelistahimili. Yaliyomshinda yalikuwa yale mengine: vioo ambavyo mstari wa mapigo ya moyo uliochorwa pembeni, ulio sawa kwa aliye juu na aliye chini, ulianza kulegea siku chache baada ya yeye kupita, ukalegea zaidi, ukalala. Havikuwa vingi. Huenda watu hao walikuwa wamezama tangu mwanzo, hawakusikia neno, na moyo ulichoka wenyewe kama mioyo ichokavyo. Huenda walimsikia, wakamwamini. Hakuna kihisi ambacho kingemwambia.

Mmoja wao alikuwa mke wa Daktari Ambakisye. Daktari alikuja karakana, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Ulifika kwake siku gani?"

"Juzi, Daktari. Uliniruhusu."

"Nilikuruhusu." Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kana kwamba anakubaliana na mtu mwingine aliyekuwa chumbani. "Endelea na kazi, binti yangu. Waliobaki ni wengi."

Kesho yake asubuhi alionekana akikigusa kwa kiganja kioo kilekile, kitupu, kabla ya kufungua ofisi.

*

Kitanda cha Bi Lugano kilikuwa cha mwisho.

Sekela aliomba aachwe peke yake. Bi Gwantwa alimtazama, kisha akaomba kiti chake kisukumwe hadi langoni.

Uso wa mama ulikuwa vilevile, kidevu kimeinuliwa kidogo, kama mtu aliyekatazwa kupita na bado hajaondoka. Sekela aliinama. Ukungu wa pumzi ukafunika kioo.

"Lugano," alisema, maana hakuthubutu kusema mama. "Umeita. Tumesikia. Hatuji. Hakuna atakayekuja."

Alijisikia mwenyewe, na akafa moyo.

Alipokuwa mdogo alikuwa na kawaida ya kulamba sukari kabatini kisha kukana. Mama yake hakuwahi kumpiga kwa hilo. Alikuwa akicheka tu. "Sauti yako ikidanganya huvaa viatu," alikuwa akisema. "Naisikia inavyokuja, ko, ko, ko." Na ndivyo ilivyotoka sasa: imepangwa, imesafishwa, kila neno limesimama wima. Kama Bi Lugano alikuwa macho mle ndani, alikuwa ameisikia sauti ya mwanawe, ameitambua, na amejua kuwa inadanganya. Hapakuwa na habari njema kuliko hiyo ambayo mtu aliyefungwa gizani angeweza kuletewa. Angetabasamu, kama angekuwa na midomo ya kutabasamu. Angeshika kwa nguvu zaidi.

Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Alijaribu kwa ukali. Alijaribu kwa kunong'ona, kwa kuyasoma maneno kwenye karatasi, kwa kumtuma Ipyana, ambaye alifika nusu ya maneno akashindwa. Kengele za wengine zilizidi kupungua, kisha zikakoma. Familia zilizopata watu wao zilikwenda nao nyumbani. Zilizokosa ziliacha kuuliza. Msimu wa mvua ulifika kwa jina tu; upepo ulipita juu ya mashamba ya pareto ukabeba vumbi, ukaondoka.

Sekela aliendelea kuinama juu ya kioo kila asubuhi, kabla ya kazi. Alikuwa ameacha kuchagua maneno. Alikuwa ameacha pia, bila kuona ni siku gani hasa, kusoma yale yaliyoandikwa mlangoni kila alipopita.

Asubuhi moja aliinama kama kawaida, akiwa amechoka, akifikiria vipuri vya pampu.

"Umeita," alisema. "Tumesikia. Hatuji." Akafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja. "Hakuna atakayekuja, mama."

Maneno yalipita kioo, na yeye akabaki ameinama, akisikiliza mwangwi wake. Hayakutetemeka. Hayakuwa yamepangwa wala kusafishwa. Yalitoka kama mtu anavyosema kwamba kuna baridi.

Sauti yake haikuwa imevaa viatu.

Alipoelewa hivyo, aliweka viganja vyote viwili juu ya kioo, akataka kuyarudisha, akataka kupiga kelele kwamba si kweli, yupo, ni yeye, amesoma kama alivyoambiwa. Alijua kuwa akisema hivyo, kengele ya mama yake haitalia kamwe. Akafunga mdomo. Akaketi sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda, uso umeelekea kule ambako Ipyana alikuwa ameketi mbele ya kengele, na akaanza kungoja.

Juu ya kichwa chake taa ndogo ya kijani iliendelea kuwaka, ya mtambo ambao husema tu pale hali inapobadilika.